Sebule: kijani kilichoiva au krimu? Nimepaka ukuta mmoja, nyumba imegawanyika

Haijaisha (Dodoma)

Habari za jioni wanajukwaa. Nisaidieni kabla fundi hajarudi Jumamosi.

Tumehamia kwetu mwezi wa pili sasa, upande wa Ihumwa. Ni ile "tumehamia" mnayoijua: vyumbani milango bado ni mapazia, jikoni hakuna hata kabati, lakini kodi ya watu tumeachana nayo. Sebule ndiyo tuliyoamua kuimaliza kwanza. Ina mita 4.5 kwa 4, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.8. Dari ni jipsamu nyeupe, chini marumaru za krimu. Kuna dirisha moja kubwa linaloangalia barazani, na baraza lenyewe limeezekwa likashushwa chini kuzuia jua. Dirisha la pili ni dogo, liko ubavuni, linatazama ukuta wa jirani. Makochi ni ya damu ya mzee, ya urithi. Baba mkwe aliyatengenezesha kwa seremala mwaka 1994, mbao ni mninga wa kweli, kwa hiyo hayaendi popote.

Mimi ni muuguzi. Kazini kwangu kuta zote ni krimu, na chini kuna mkanda wa kijani wa rangi ya mafuta unaonifika kiunoni. Miaka kumi na moja nautazama. Mume wangu aliposema "tupige krimu tu, krimu haikosei", nilihisi ananirudisha zamu. Nikakataa. Kwenye simu nimeona sebule za watu zenye kijani kilichoiva, kijani cha jani la mwembe lililokomaa, unatamani uingie ndani ya kioo ukae. Nikaenda dukani, nikachagua kwenye kadi, wakanichanganyia lita 4 kwa mashine, isiyong'aa.

Fundi akapaka ukuta mmoja wa majaribio, ule wa nyuma ya kochi kubwa, unaotazamana na dirisha la barazani. Akapaka mara mbili. Saa nne asubuhi ulikuwa mzuri mno, nikapiga picha nikawatumia dada zangu. Saa kumi jioni ukaanza kununa. Saa kumi na mbili ukawa mweusi kabisa, kama kuna mlango umeachwa wazi kuelekea usiku. Tukawasha taa, balbu moja nyeupe katikati ya dari, ndiyo kwanza ukageuka sare ya mgambo.

Siku ya tatu mtoto wangu wa miaka minne akapita na kiganja chake ukutani toka mwanzo hadi mwisho, pamebaki mstari unaong'aa. Na vumbi la Dodoma mnalijua. Linakaa kwenye kila bonde la lipu, ukuta umeota mvi kabla ya wiki. Mama mkwe alikuja Jumapili, akasimama mlangoni, akauliza taratibu: "Mmehamia pangoni, wanangu?"

Sasa maswali. Ni kweli rangi nzito inafanya chumba kiwe kidogo? Inaongeza joto? Mume wangu anasema rangi nzito inavuta joto, hata mtoto wa darasa la tano anajua. Na nikikubali kushindwa, rangi nyepesi inaweza kuufunika ukuta huu au nimeshaharibu? Ndooni imebaki kama lita moja na nusu. Sitaki kuitupa, na sitaki kuambiwa "nilikwambia".

MzeeWaKatikati

Krimu. Nimemaliza.

Haijaisha (Dodoma)

Wewe ni mume wangu?

Mpangaji wa Kasarani (Nairobi)

Pole sana dada. Mimi napanga chumba kimoja, kitanda, jiko na viatu vyote vinaonana. Mwaka juzi nilipaka ukuta wa kitandani buluu iliyoiva, karibu nyeusi. Hiyo maneno ya chumba kuwa kidogo, kusema ukweli sikuiona. Nilichoona ni kona kupotea. Usiku nikizima taa kubwa niwashe ile ndogo ya mezani, sikuwa najua ukuta unaanzia wapi, na nilipenda hivyo.

Shida ilikuja siku ya kuhama. Mkataba ulisema nirudishe chumba na rangi kiliyokuwa nayo. Nikanunua ndoo ya nyeupe ya bei ya chini nikidhani itatosha. Mara ya kwanza ukuta ukatoka samawati. Ya pili ukatoka rangi ya mawingu ya Julai. Mara ya tano ndiyo ulikubali, na wakati huo tarehe ilikuwa imepita na nusu ya dipoziti yangu imeliwa. Kwa hivyo usiende na nyeupe ya bei rahisi juu ya rangi nzito. Mimi nimeishia hapo, wenye ujuzi waendelee.

Rola na Msasa (Tanga)

Dada Haijaisha, pole na kazi za wodini. Mimi ni fundi rangi, niko Tanga, kazi hii nimeianza 1998. Nilianza kwa kukwangua kuta za watu. Aliyenifundisha hakunipa brashi mkononi mwaka mzima. Nitakujibu kwa urefu, kwa hiyo teleka chai.

Kijani chako hakina kosa. Umekipeleka ukuta usio wake.

Sebule yako ina dirisha moja la maana, nalo limefunikwa na baraza. Mwanga unaoingia hapo umeshagonga ardhi ya nje na sakafu ya baraza, umechoka. Ukiingia ndani unagonga nini kwanza? Ukuta unaotazamana na dirisha. Huo ndio unaougawia mwanga kuta nyingine, dari, na uso wa mgeni aliyekaa. Ni kama kioo cha chumba, na wewe umekipaka kioo rangi ya jani la mwembe.

Kwenye kadi za viwanda vingi kuna nambari ndogo karibu na jina la rangi, au nyuma ya kadi, ambayo wauzaji wengi hawaisomi. Imeandikwa LRV. Inaanzia 0 hadi 100, na maana yake ni kiasi cha mwanga ambacho rangi hiyo inakirudisha. Nyeupe ya dukani inakaa themanini na kitu. Krimu nyingi ziko sabini na kitu kwenda themanini. Kijani chako, kama ni hicho ninachokidhania, hakifiki 10. Sasa piga hesabu ya kienyeji. Mwanga wa 100 ukigonga krimu ya 80, unarudi 80. Ukigonga krimu nyingine, 64. Ya tatu, 51. Bado unatembea. Ukigonga kijani cha 8, kinachorudi ni 8, mwanga umefia palepale. Saa nne asubuhi ulikuwa na mwanga wa kuchezea, ndiyo maana ukuta ukapendeza. Jioni huna wa kuchezea.

Mimi rangi nzito naipeleka ukuta wa ubavuni, unaopata mwanga wa kupita. Ukuta wenye dirisha lenyewe nao siupaki nzito. Dirisha linabaki linawaka katikati ya giza, macho yanachoka, na mtu akikaa kulipa mgongo unaongea na kivuli.

Chumba kuwa kidogo: mita ni zilezile. Kuta zote nne zikiwa nzito na taa zimepangwa kwa akili, kona zinapotea kama alivyosema ndugu wa Nairobi, na chumba hakibani. Kinachoonekana kusogea ni ukuta mmoja mzito mwishoni mwa chumba cheupe. Kwenye ukumbi mrefu kama behewa hilo ni jambo jema, unaufupisha. Kwako, nadhani kochi limeonekana kama limesogezwa katikati ya sebule.

Joto: shemeji ana haki nusu. Ukuta wa nje unaopigwa na jua, ndiyo, rangi nzito inakula joto mchana na kukuletea ndani jioni. Bati vilevile. Lakini ndani, mahali ambapo jua halifiki, tofauti huwezi kuisikia mwilini. Joto la sebule yako linashuka kutoka kwenye bati na linatoka kwenye ukuta wa magharibi. Mkiwa na fedha ya kupambana na joto, ipelekeni nje mkapake nyeupe. Msilitafute nyuma ya kochi.

Sasa kufunika, ambako watu wengi wanalia. Rangi nyeupe na krimu zinabeba unga wa titani, na unga huo ndio unaofunika kilicho chini. Rangi nzito za mashine zinachanganywa kwenye bezi, yaani rangi ya msingi, ambayo unga huo haina, au ina kidogo sana. Ifungue kabla haijatiwa rangi, utakuta kitu kama gundi ya majimaji. Ndiyo ajabu ya rangi hizi: ile unayoiona nzito mara nyingi ndiyo inayofunika vibaya. Mara mbili haitoshi. Tatu ndiyo kawaida, na nyekundu inaweza kukudai ya nne. Mimi huwa natanguliza undakoti, mpako wa chini, niliyoitia kijivu, inaniokoa mpako mmoja. Fundi wako kama alipaka juu ya skimu nyeupe, ile plasta laini ya kumalizia, moja kwa moja, basi hata hicho kijani hujakiona bado kilivyo.

Halafu kung'aa na kutong'aa. Isiyong'aa inaficha dhambi za lipu, lakini inakumbuka kila kiganja; ukiisugua inang'aa palepale ulipogusa, na ndicho alichokifanya kijana wako. Silki, yaani rangi yenye mng'ao kidogo, inafutika kwa kitambaa chenye maji, ila ikiwa nzito inatangaza kila bonde na kila alama ya mwiko. Lipu iliyopigwa chapuchapu haiwezi kuvaa silki nzito. Itataka skimu, itataka msasa, kisha uzime taa usiku na kupitisha tochi ubavuni mwa ukuta. Usiku huo ndipo fundi mvivu anapojulikana.

Kurudi kwenye rangi nyepesi si msiba. Ukuta wako ni mita 4.5 mara 2.8, karibu mita za mraba 12.6. Kwenye ukuta laini lita moja inapaka kama mita 10 za mraba kwa mara moja. Futa vumbi, pitisha msasa mwepesi, namba 180 inatosha, futa tena. Paka praima nyeupe, rangi ya kutangulia inayoziba ya chini, mara moja. Praima, siyo nyeupe ya bei rahisi iliyompa mwenzetu samawati. Itakula lita moja na robo, nunua mbili. Ikauke sawasawa, halafu rangi yako nyepesi mara mbili, lita mbili na nusu, nunua tatu. Siku mbili umemaliza, na mama mkwe ataingia mlangoni bila kuuliza.

Au kama unakitaka kijani palepale: kiweke chini, toka sakafuni hadi mita moja, kwa rangi ya mafuta. Juu krimu, katikati mstari wa mbao. Migongo ya viti, vidole vya watoto, maji ya kudeki, vyote vinaishia kwenye kijani. Shule na zahanati zilijua zinachokifanya.

Haijaisha (Dodoma)

Fundi, nimekusoma mara tatu, na shemeji yako nimemsomea kipande cha joto kwa sauti. Amesema "nusu ya haki ni haki".

Lakini huo ushauri wa mwisho! Kijani hadi kiunoni, krimu juu. Baba, umenijengea wodi. Imebaki kuleta vitanda na kutundika dripu.

Rola na Msasa (Tanga)

Nimecheka peke yangu juu ya ngazi. Nisamehe, nilisahau ulikotoka.

Kahawa ya Kukaanga (Njombe)

Namheshimu fundi, ila hesabu zake ni za mtu anayeshinda nyumbani mchana. Mimi nina duka. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja usiku. Sebule yangu ni rangi ya kahawa iliyokaangwa, kuta zote nne, mwaka wa tatu huu, na sijutii.

Huku kwetu Juni na Julai baridi inaingia hadi kwenye meno. Nilipokuwa na krimu na balbu nyeupe, kurudi nyumbani usiku ilikuwa kama kufungua jokofu nikaingia mwenyewe. Nilipopaka kahawa wiki ya kwanza nayo ilikuwa mbaya, mke wangu aliita "ghala". Tatizo likawa taa. Ile ya katikati ya dari nimeing'oa kabisa. Nimeweka tatu ndogo za mwanga wa njano, zimeandikwa 2700K kwenye boksi, mbili zimeelekezwa ukutani, moja iko pembeni mwa kiti changu. Balbu yako nyeupe, dada, nina hakika boksi lake linasema 6500K. Kijani chini ya 6500 ni sare ya mgambo kweli. Chini ya 2700 kinaelekea kwenye majani makavu, kinatulia. Nunua balbu kabla hujanunua praima, ni rahisi zaidi na fundi haitwi.

Luku, bili ya umeme, haipandi kiasi cha kukutisha. LED tatu za wati 7 ni wati 21, hata pasi ingecheka.

Nakiri moja: Jumapili mchana hatukai mle ndani. Mke wangu akichambua mchele anautoa barazani. Kwa hiyo swali langu kwako ni hili tu: wewe sebuleni unakaa saa ngapi?

Tekani (Lamu)

Swali zuri hilo la saa. Naongeza la kina.

Majumba ya mawe ya kale hapa kwetu, yale ya karne ya 18, upande wa njiani yana madirisha machache mno. Unapita dakani, yaani kibarazani mlangoni, unaingia tekani, ukumbi wa kuingilia, unatokea kiwandani, ua wa ndani usio na paa, na nyumba nzima inakunywa mwanga hapo. Kisha vyumba vinafuatana kwa kina: msana wa kwanza, msana wa pili, halafu ndani. Vyote ni vyembamba, mita tatu hivi au pungufu, kwa kuwa urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua. Kila ukizidi kuingia mwanga unapungua, na ule ukuta wa mwisho, ulio mbali na kiwanda kuliko zote, ndio waliouwekea zidaka, vishubaka vya ukutani, na nakshi za plasta nyeupe. Pale ambapo mtu wa leo angesema "hapa ndipo pa kuweka ukuta wa rangi nzito", wao walitia weupe mwingi kuliko kwingine. Weusi wameuachia milango, boriti, makasha na vitanda.

Na weupe wenyewe ni chokaa. Unapakwa upya mara kwa mara, na ukungu hauupendi. (Wanaopaka rangi ya mafuta juu ya kuta za matumbawe tuwaache leo. Ukuta haupumui, unababuka kama mtu aliyeungua jua.)

Makochi ya damu ya mzee, mbao za mninga, mbele ya ukuta mweupe: dada, mimi ningelipa nauli kuja kuyaona. Kijani kinayazima.

Haijaisha (Dodoma)

Swali la saa limenikaa. Nimehesabu kweli, nimeandika nyuma ya ratiba ya zamu.

Wiki za mchana nafika sebuleni saa kumi na mbili jioni, na hapo napita tu kwenda jikoni. Nakaa hasa saa mbili usiku, taarifa ya habari, hadi saa nne. Wanaokaa mle mchana ni mtoto na binti anayenisaidia. Binti anasema tangu ukuta upakwe anawasha taa saa tisa alasiri ili aone anachofuma. Hakuna aliyenieleza hilo. Mimi nilikuwa nahukumu ukuta kwa picha ya saa nne asubuhi.

Ndugu wa Njombe, nimejaribu balbu ya njano jana. Ni kweli, usiku kijani kimekuwa kitu kingine, mume wangu mwenyewe alinyamaza, na akinyamaza ni sifa. Lakini leo saa kumi jioni, kabla ya taa, ni pango lilelile.

Wiki za usiku ndiyo habari nyingine. Narudi saa mbili na nusu asubuhi na najaribu kulala. Chumba chetu kina dirisha la mashariki. Kuta hazijapakwa, zimepigwa skimu nyeupe tu. Jua likipenya pembeni mwa pazia, chumba kizima kinawaka, nalala kama niko ndani ya yai. Saa sita nimeshaamka na kichwa kinauma.

Nikaandika hivyo, nikajisoma, nikasimama.

Rola na Msasa (Tanga)

Umeshajijibu, mimi namalizia vipimo.

Kijani kinahamia chumbani. Na kipake ukuta unaotazamana na lile dirisha la mashariki. Ni kosa lilelile la sebuleni, safari hii unalifanya kwa makusudi. Ule mwanga mwembamba unaopenya pembeni mwa pazia, ukigonga nyeupe unazunguka chumba kizima na kukukuta kwenye mto wa kulalia. Ukigonga kijani unaishia hapo. Ila nisikudanganye, kazi kubwa ni ya pazia. Lishonee kitambaa kizito nyuma na lifike pembeni mwa fremu kiganja kizima kila upande, vinginevyo utailaumu rangi bure.

Kama ukuta huo una mita 3.6, kwa kimo cha 2.8 ni mita za mraba 10 na kidogo. Mara tatu ni lita tatu. Wewe unayo moja na nusu, kwa hiyo utaongeza mbili. Usiende dukani na picha ya simu. Peleka kifuniko cha ndoo, pale kuna kibandiko chenye nambari ya mchanganyo. Na ukifika nyumbani usimalize ya zamani ndipo ufungue mpya. Zimimine zote ndoo moja, koroga hadi mkono uume, ndipo upake. Mashine itasema ni rangi moja, lakini ukianza ndoo ya pili katikati ya ukuta, utaona mpaka wake kila ukilala.

Rangi ya sebule usiichague kwenye kadi tena. Kadi ni ndogo kama stempu, imelala kwenye karatasi nyeupe chini ya taa za duka. Lazima kuna vipande vya jipsamu vilibaki mlipoweka dari. Chukua kimoja cha upana wa dirisha, paka rangi unayoitaka mara mbili, uwe unakihamisha. Asubuhi kiegemeze nyuma ya kochi, jioni kona ya mlangoni, usiku chini ya balbu. Siku mbili zatosha. Binti naye aulizwe.

Haijaisha (Dodoma)

Wiki tatu baadaye, nimerudi na majibu kwa sababu sipendi watu wanaouliza halafu wanapotea.

Sebule: praima mara moja, kisha "nyeupe ya tui" mara mbili. Jina hilo nimelitoa mimi, kwenye kadi lina jina la mji ambao sijawahi kufika. LRV yake ni 82. Muuzaji ilibidi aivae miwani kuitafuta. Kabla ya hapo kipande cha jipsamu kilizunguka nyumba siku nne, siyo mbili. Kijivu nyepesi niliyokuwa nimeipenda jioni iligeuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo, nikaiacha. Makochi ya baba mkwe yameamka kweli. Binti hawashi taa hadi saa kumi na mbili na nusu. Balbu ya njano imebaki.

Mume wangu anasema hii ndiyo krimu aliyoisema tangu mwanzo. Siyo krimu. Tumekubaliana tusiiongelee.

Chumbani kijani mara tatu, na undakoti ya kijivu chini yake. Fundi alishangaa, "kijivu cha nini tena mama", nikamwambia kuna mtu wa Tanga. Ya tatu ilipokauka ndipo nikaona rangi niliyoinunua tangu mwanzo. Jumanne nimetoka zamu ya usiku, nikalala hadi saa tisa alasiri, nikaamka sijui ni leo au kesho. Pazia nimeshonea pia, kwa hiyo siwezi kusema ni rangi peke yake. Vumbi linaonekana, ndiyo. Jumamosi napitisha kitambaa kikavu, na mtoto haruhusiwi kuingia na viganja.

Yeye nimempa kipande kingine cha jipsamu nilichojaribia kijani. Kimeegemea jikoni, anakichorea chaki.

Kimebaki kitu kimoja. Sebuleni fundi hakufungua kifuniko cha swichi alipopaka, alizungusha brashi tu, na kuna uzi mwembamba wa kijani ukingoni. Anasema hauonekani. Mimi nauona hata nikiwa nimezima taa.

Rola na Msasa (Tanga)

Zima umeme kwenye swichi kubwa. Fungua skrubu mbili, vuta kifuniko kidogo, pitisha tui kwa brashi ya mtoto ya kuchorea. Dakika tano. Usimwite tena huyo kwa ajili hiyo.